Mistari Iliyopandwa Mara Mbili

Msimu wa kupanda, kila asubuhi kabla ya shule, nilikuwa nafungua mlango wa Bibi Nyirabahizi, namwamkia, nampa uji, kisha namkabidhi jembe na mbegu za maharage. Hapa Murusagamba hakuna anayemshinda kuyajua maharage. Hata akifumba macho atakwambia kwa vidole tu: haya ni ya njano, haya yanataka udongo mwekundu.

Jumamosi moja Shangazi Consolatha alifunua debe la mbegu, akang'aka.

"Yuster! Msimu haujafika hata nusu, mbegu ziko wapi? Umeziuza sokoni?"

"Sijauza hata punje, shangazi. Kila asubuhi nampa Bibi akapande."

"Mama, umeshapanda kiasi gani?"

"Bado," alijibu Bibi kwa upole. "Leo ndiyo naanza."

"Umesikia, mwizi wewe? Omba msamaha, la sivyo hukanyagi tena nyumba ya Bibi!"

Loo, iliniuma! Nampenda Bibi kuliko mtu yeyote. Lakini nilimtazama shangazi usoni.

"Siombi msamaha kwa kosa ambalo si langu. Hata ukinichapa."

"Jeuri!" alisema, akaninyang'anya ufunguo.

Siku mbili baadaye Bibi alitakiwa kwenda hospitali kubwa, safari ya kutwa nzima, kwa sababu tangu alipoanguka mwaka uliopita kichwa kilikuwa kikimsumbua. Aligoma kupanda basi bila mimi. Shangazi akasonya, akakubali.

Kesho yake Bibi alilazwa ndani ya mashine yenye kelele, ubongo wake ukapigwa picha. Kisha Daktari Venance akaketi naye.

"Shikamoo, Bibi. Maharage gani yanafaa udongo mwekundu?"

Bibi alimjibu papo hapo, akamweleza na mbolea.

"Na jana ulifanya nini?"

"Jana? Nilikuwa nyumbani."

Jana! Na miguu ilikuwa bado imemvimba kwa basi!

Daktari akatuonyesha picha kwenye kompyuta. "Huyu ni mtu mwingine, mwenye afya. Katika picha hii alikuwa anafikiria maana za maneno. Katika hii alikuwa anakumbuka siku ya harusi yake. Sehemu nyingi za ubongo zinasaidiana, ila kwa kukumbuka tukio, hapa ndani ndipo panapofanya kazi zaidi. Kwa Bibi, hapo pamesinyaa. Aliyojifunza tangu zamani anayo. Ya jana yanamponyoka."

Nikaruka kitini. "Kwa hiyo anaweza kupanda mstari leo, na kesho akaupanda tena?"

"Kabisa."

"Tutaona shambani," alisema shangazi.

Tuliporudi, maharage yalikuwa yameota. Kila shimo lilitakiwa kuwa na miche miwili. Mengine yalikuwa na minne, mengine sita! Bibi akashika kiuno.

"Nani kapanda hovyo hivi?"

"Ni wewe, Bibi."

"Mimi? Basi nilikuwa nimelewa!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi mstari ukishapandwa tunachomeka kijiti mwanzoni mwake. Bibi akikiona, anauruka.

Lakini siku ile shangazi hakucheka. Alinirudishia ufunguo kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Yuster. Nilikuita mwizi hata shamba sijalitazama. Ukiwa na ukweli, usiinamishe kichwa, hata mbele yangu. Na mimi mkubwa nikikosea, lazima niseme nimekosea."