Duka la Ngano

Enyi wenye wake, sogeeni, hili linawahusu.

Alasiri hiyo kijiji chetu cha milima ya Ibb kilikuwa kimetulia. Mukbil alikuwa sebuleni kwa jirani yake Ghalib, ameegemea mto, shavu limejaa mirungi, wanaume wakipiga soga. Simu yake ikalia. Kwenye kioo palisomeka: Duka la Ngano.

Duka lenyewe halikuwepo. Ile ilikuwa namba ya mkewe Takia, mjamzito wa miezi minane. Kwetu mwanamume hataji jina la mkewe mbele ya wenzake, wala hapokei simu yake kikaoni. Mukbil akaigeuza simu kifudifudi. Ikalia tena, ikalia mara ya tatu.

"Pokea, bwana wee, ngano isije ikaota!" Ghalib, aliyekuwa amekichungulia kioo, akamtania.

"Itangoja."

Wakacheka wote. Hebu niambieni, cha kuchekesha kilikuwa nini?

Juma moja kabla, alimpeleka Takia kliniki kwa gari lake. Mkunga akatoka hadi mlangoni. "Ingia, kaka, nikueleze dalili za hatari."

"Hayo ya wanawake, dada. Mwambie mwenyewe." Akabaki nje na madereva.

Kwa hiyo jioni ile aliporudi nyumbani, hakuelewa alichokuwa akikiona. Takia alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa.

"Ulikuwa wapi, mwanangu?" mama yake Mukbil akalia. "Kichwa kinampasua tangu adhuhuri! Akasema haoni, giza tupu! Gari unalo wewe, ningembeba mgongoni?"

Kilikuwa kifafa cha mimba. Hospitali walimwokoa mtoto, wa kike. Takia hakuamka tena.

"Mngefika mapema kwa saa mbili tu, tungemwokoa," daktari alisema.

Tangu hapo, kila alasiri Mukbil huisikia simu ikilia, hata akiwa ameizima. Huisikia chini ya mto, huisikia msikitini. Namba ile hajathubutu kuifuta.

Baada ya arobaini alirudi kwa Ghalib. Wakampisha nafasi, hakukaa.

"Aliyekuwa akinipigia siku ile ni mke wangu," akasema. "Anaitwa Takia."

Hakuna aliyecheka. Mara simu ya Ghalib ikalia. Akaikodolea macho, kisha akaipokea mbele ya wote. "Naam, mke wangu. Nakusikia."

FUNZO

Mimba ni ya wawili. Ingia kliniki na mkeo, zijue dalili, akikupigia pokea. Aibu ya kikaoni huisha kabla ya magharibi. Majuto ya Mukbil yanalia mpaka leo, na hana wa kumpokelea.