Bandeji ya Dobi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kibanio alijaza maji kwenye mabeseni yaliyopangwa uani: moja la sabuni, moja la kusuuzia, na moja la buluu ya nguo nyeupe. Kisha alitia makaa kwenye pasi na kuipepea. Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu. Mtaani aliitwa Kibanio, kwa sababu tangu mama yake afariki alikuwa amemng'ang'ania baba yake kama kibanio kinavyong'ang'ania shati kwenye kamba.

Baba yake alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Akiona doa kwenye shati la mpita njia, alikosa raha mpaka mtu huyo apotee kwenye kona. "Doa ni uvivu wa mtu," alizoea kusema, na wateja walicheka huku wakikagua nguo zao kwa siri.

Lakini sasa mabeseni yalikuwa yamefunikwa, na baba alikaa kitini bila kazi. Alikuwa ametoka hospitali juzi. Mshipa mmoja wa moyo wake ulikuwa umeziba, na daktari aliuzibua kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono wa kulia hadi moyoni. Huko aliacha kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Kilichoonekana nje kilikuwa kitundu kidogo tu, tena chini ya bandeji.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliwaambia wote wawili bila haraka. "Bandeji hii isilowe, wala msiifungue nyumbani. Nitaifungua mwenyewe siku ya kliniki. Mkono usiingie kwenye beseni mpaka nikuruhusu. Mahali pakivimba, pakiwa pekundu au pakitoa usaha, au ukipata homa, njoo siku hiyo hiyo. Na dawa za moyo usiziache hata siku moja." Kisha akamgeukia msichana. "Umesikia, binti?"

"Nimesikia," alijibu Kibanio, na kweli alikuwa amesikia kila neno.

Shangazi alihamia kwao kuwapikia. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na huruma nyingi zaidi, na kila alipotoka kwenda sokoni alimwambia kaka yake, "Kaa hapo hapo. Hata nzi usimfukuze."

Siku moja shangazi alipokuwa sokoni, baba alimwagikiwa na chai kwenye bandeji. Doa la kahawia likatanda juu ya kitambaa cheupe. Baba akalitazama, akageuka upande mwingine, akalitazama tena.

"Mama, niletee beseni la kusuuzia," alimwambia binti yake.

"Muuguzi alisema tusiifungue, baba. Tumngoje shangazi, twende zahanati wakufunge nyingine."

"Kwa chai kidogo hii? Nimefua nguo tangu hujazaliwa. Mimi wa kufundishwa usafi?"

Kibanio alisita. Tangu mama afe, hakuwahi kukataa jambo aliloombwa na baba. Akaleta beseni lenye maji yaliyobaki tangu kabla baba hajalazwa, yaliyosuuziwa soksi za wateja. Baba alifungua bandeji, akaitia sabuni, akaifikicha kwa mikono miwili, na kile kidonda kikazama majini. Kisha akamwambia binti aipige pasi. "Moto wa pasi hauachi mdudu," alisema kwa kujiamini.

Kibanio aliipiga pasi mpaka ikanyooka vizuri, ingawa katikati ilikuwa bado na unyevu. Wakaifunga tena. Ilikuwa nyeupe pe.

"Shangazi yako usimwambie," baba alisema akitabasamu. "Atanihutubia mpaka masikio yachoke."

Kibanio akatabasamu pia, lakini moyoni hakuwa na amani.

Siku mbili baadaye baba alikula kwa mkono wa kushoto. Alisema amelalia mkono vibaya. Kibanio aliona wekundu ukichungulia pembeni mwa bandeji, akaona pia namna baba alivyouficha mkono chini ya shuka shangazi alipoingia. Akaenda shule na jambo hilo kifuani. Mwalimu alimwuliza swali, akasimama bila kujua ameulizwa nini.

Aliporudi, baba alikuwa anatetemeka kwenye joto la mchana. Kibanio alipomgusa paji la uso, lilikuwa la moto. Msichana alikumbuka asubuhi aliyomshika mama yake vivyo hivyo, na jinsi watu wazima walivyomtoa chumbani wasimwambie kitu. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nasema."

"Mama, tulikubaliana."

"Nitakukosea, lakini nasema," alijibu huku machozi yakimtoka, akakimbilia jikoni kwa shangazi na kumweleza yote, na beseni, na pasi.

Shangazi hakuhutubu. Alizima jiko, akaita gari.

Hospitalini walimpasua baba mkono kutoa usaha na kumpa dawa za kwenye mshipa. Alilazwa kwa muda mrefu, mpaka wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua nguo zao ambazo hazijafuliwa. Kibanio aliwakabidhi mlangoni, na kila furushi lilipotoka chumba kilizidi kuwa kikubwa. Usiku alilia kimya kimya ili shangazi asisikie. Shangazi alisikia, akasogea akalala karibu naye.

Hatimaye homa ilishuka na moyo ukaonekana salama. Lakini vidole viwili vya baba vilibaki vigumu. Havingekamua shuka tena.

Muuguzi alipokuwa akimbadilishia bandeji, Kibanio alimwambia, "Ni mimi niliyeipiga pasi."

Muuguzi alinawa mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kumjibu. "Wewe ndiye pia uliyesema, binti. Ungengoja zaidi, uchafu ungeingia kwenye damu, na leo tungekuwa na maneno mengine. Lakini shikeni hili nyote wawili. Nguo ikiwa nyeupe si lazima iwe salama kwa kidonda. Maji ya beseni, mikono isiyooshwa na unyevu vinatosha kupitisha vijidudu tusivyoviona. Na siri ya mgonjwa inayomdhuru haifai kutunzwa, hata akiwa ni baba anayeiomba."

Baba aliinamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza Kibanio kumwona akitazama chini mbele ya mtu.

"Nilimtwisha mtoto mzigo wangu," alisema. "Nisamehe, mama."

Bandeji ya zamani ilikuwa kwenye sinia, yenye doa la manjano na la damu. Kwa mazoea, Kibanio alimtazama baba yake kuona kama atakosa raha. Baba aliitazama bandeji ile kwa muda, kisha akaisukuma kwa kiwiko kuelekea kwa muuguzi.

"Hiyo haifuliwi," alisema. "Itupwe."