Ukumbi Uliojaa Saa ya Kukamua

"Maziwa yanachemka. Funika."

Ujumbe wa mkuu wake ulikuwa huo tu. Sindano, jasusi wa serikali, aliusoma kwenye saa yake ya Casio, akaufuta, akakanyaga mafuta. Mbele yake Prado nyeusi ilikata kona kwa fujo, ikaingia geti la chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ndani yake alikuwamo Mgeni, wakala wa kampuni ya ng'ambo, mtu wa suti ya bei mbaya na marashi ya kutapisha.

Makontena ya Mgeni, yote maziwa ya unga, yalikuwa yamejaa bandarini yakisubiri ushuru ufutwe. Waziri wa biashara alikuwa ofisini kwake, kalamu mkononi, akiutazama mkutano wa chama kwenye skrini. Wafugaji wakisema ndiyo, anasaini.

Akisaini, maziwa ya unga ya bei chee yanafurika sokoni, na kaka yake Sindano anauza ng'ombe. Kaka huyo ndiye aliyemsomesha, na ni kwa maziwa hayo hayo.

Sindano aliegesha nyuma ya kiwanda cha kupozea maziwa. Akavaa ovaroli ya kijani ya chama, akaificha bastola yake ya Beretta ndani, akaingia.

Ukumbi ulikuwa umefurika.

Ovaroli mpya. Mabuti mapya, mengine bado na kibandiko cha dukani. Jukwaani Mwenyekiti alikuwa akijipangusa jasho. Miaka mingi hana hata ndama, ila tumbo analo. Aliwasifu wanachama kwa kujitokeza kwa wingi jioni ile.

Jioni ile.

Sindano akaitazama saa yake. Huu ulikuwa wakati wa kukamua. Mfugaji wa maziwa anaweza kukosa harusi ya mwanawe, zizini hakosi. Ndiyo maana mikutano ya chama, tangu enzi za baba yao, ilifanyika mchana. Mwenyekiti aliichagua saa hii ili wanachama wasije. Akasahau kwamba wasipokuja, ukumbi unatakiwa uwe mtupu.

Sindano aliketi kando ya jamaa mmoja mwenye kucha safi. Akawasha kamera ya kwenye kifungo, akamwita mkuu wake wa kazi, mama ambaye kikosi kizima kilimwita Bibi.

"Bibi, niweke kwenye skrini ya waziri."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Uko hewani."

Akamgeukia jamaa. "Ndugu yangu, saa hizi ng'ombe wako nani anawakamua?"

Jamaa akacheka. "Ng'ombe gani, bosi? Sisi tumezolewa stendi. Tumeambiwa tunyooshe mikono, tule, tuondoke."

Simu ya Mwenyekiti ikaita. Aliipokea, uso ukamshuka. Akaanza kumweleza mheshimiwa waziri kwamba hao ni wafugaji halisi, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, na hao "wafugaji halisi" wakaangua kicheko.

Mgeni hakungoja. Alichomoka kwa mlango wa nyuma.

Sindano akamfuata hadi kiwandani. Kati ya matangi ya chuma Mgeni aligeuka na bastola. Risasi ikagonga tangi. Sindano aliusukuma kwa mguu mkebe mkubwa wa maziwa, ukabiringika, ukamkumba magotini. Mgeni akaenda chini kifudifudi.

Pingu.

"Mwenyekiti wenu ndiye alinitafuta," Mgeni alisema, mdomo sakafuni. "Mimi sikumlazimisha mtu."

Hilo ndilo lililomchefua Sindano kuliko yote. Huyu wa ng'ambo alikuwa kazini kwake. Lakini yule wa jukwaani alipewa na watu mdomo wao awasemee, yeye akaukodisha, tena huku wakimpigia makofi muhula baada ya muhula. Sindano akatema mate.

"Bibi, imefunikwa."

"Waziri ameweka kalamu chini. Polisi wanamchukua Mwenyekiti, na Mgeni watamfuata hapo. Wale wa stendi wametawanyika."

Alipotoka nje aliwakuta wafugaji wenyewe getini. Walikuja kwa baiskeli, kwa miguu, wengine nyuma ya pikapu, wote wakinuka zizi. Mbele yao kaka yake, mikono ya shati imelowa, anahema.

"Tumekamua mbio mbio, mdogo wangu," alisema. "Mkutano umeshakwisha?"

Sindano aliwatangulia hadi ukumbini, akaufungua mlango, akausukuma hadi mwisho.

"Hapana, kaka. Mlikuwa mnangojewa nyinyi."

Wakaingia wote. Yeye akashuka ngazi, akawasha gari, akaondoka taratibu.