Matairi ya Makasia Kumi na Manne

Jioni ile nilibakiza kazi moja tu nifunge duka: kuning'iniza ukutani matairi mawili mapya ya mchanga. Kazi ya dakika tano. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti, tairi begani, niliposikia mtu akipiga hodi nyuma yangu.

Sikuwa nimesikia nyayo. Na mlango wangu ni wa bati, ukiugusa tu unalia.

Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, ana faili kwapani kama karani wa ofisi. Viatu vyake vilikuwa safi. Hilo lilinishangaza, kwa sababu duka langu liko chini ya vilima vya mchanga, na hata paka haingii kwangu bila kuacha vumbi mlangoni.

"Nichagulie matairi, fundi," akasema.

Mimi ukinigusa kwenye matairi umenigusa kwenye domo. Nikalitundika lile tairi, nikashuka kitini nikaanza kumweleza. Pikipiki za magurudumu manne zinazopanda mchanga hazivai matairi ya meno. Nyuma zinavaa matairi ya makasia, yaani mpira laini wenye vibao vilivyopinda kama kiganja kinachochota. Injini ndogo, makasia machache, maana yakizidi haiwezi kuyazungusha. Injini kubwa, unaongeza, lakini kwa kipimo. Yakiwa mengi na marefu, yanaushika mchanga mno, gurudumu linakataa kuteleza, na pua ya pikipiki inainuka. Ikiinuka mlimani haishuki tena. Inapinduka chali, na dereva anakuwa chini yake.

Nilisema yote hayo kwa ulimi mwepesi. Kisha masikio yangu yenyewe yakanisikia.

"Kwa hiyo ulijua," akasema yule mwanamke.

Hapa sina budi kumtaja Kishindo. Tulimwita hivyo kwa kuwa hakuwahi kuingia mahali kimyakimya. Alikuwa amenunua pikipiki yenye nguvu kuliko zote vilimani, na kila akipita dukani alinitania mbele ya wateja: huyu fundi anajua kuvisha, kupanda hajui. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, lakini usiku sikulala. Miezi mitatu kabla ya jioni hiyo alikuja kuchagua matairi, akaniuliza yapi yanamfaa. Yaliyomfaa yalikuwa ya makasia kumi. Nikamshushia ya kumi na manne, marefu, nikamwambia mwanamume mwenye injini kama hii haogopi mchanga.

Nilitaka aanguke mbele ya watu. Aanguke kidogo tu, na yeye achekwe.

Jumamosi akapanda. Pikipiki iliinuka kabla hajafika nusu ya mlima. Walipoitoa juu yake, alikuwa ameshakata roho.

Ni mimi niliyeikokota ile pikipiki hadi dukani. Watu wakiwa bado wanalia huko msibani, nikaivua yale matairi, nikaivisha ya makasia kumi, nikairudisha kwao. Yale mengine niliyafungia stoo, chini ya turubai, na ufunguo nikautia mfukoni.

Msiba nao haukosi wa kulaumiwa. Wakampata Mama Mdogo, aliyemlea Kishindo tangu dada yake alipofariki na kumwachia mtoto wa miezi minne. Asubuhi ya siku ile waligombana juu ya hiyo pikipiki, na majirani walimsikia akisema, "Nenda basi, huo mlima utakurudisha umelala." Ni maneno ya mzazi aliyechoka kuonya. Lakini Kishindo aliporudishwa amelala, maneno yakageuka. Wakaanza kumwita mchawi, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa mawe juu ya bati lake. Mimi nilisikia yote hayo na nikafyata ulimi. Nilijiambia yatapoa.

"Sijui unasema nini, mama," nikamjibu yule mwanamke.

Akausogelea ukuta. Akapitisha kidole juu ya matairi mapya, kasia kwa kasia, akihesabu kwa sauti ya chini.

"Kumi," akasema. "Siyo haya. Yale ya stoo."

Hakuna aliyejua habari za stoo.

Chrrr...

Nilidhani ni panya. Nikatazama chini ya mlango wa stoo, nikaona mchanga ukitoka taratibu, laini, ukienea kwenye sakafu niliyoifagia muda si mrefu. Harufu yake ikanifikia. Petroli... na udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Usiogope," akanong'ona. "Nimekuja kukusalimu. Hata kwetu tunaitana fundi."

"Kwenu wapi?"

Alifungua faili lake akashusha kidole kwenye orodha ndefu ya majina, na kidole kikasimama.

"Sisi tunahangaika na mizizi, na nywele, na kwenda uchi makaburini. Wewe umetumia spana." Akatikisa kichwa kama mtu anayesifu kazi ya mwenzake. "Na maneno mafupi. *Aanguke kidogo tu.*"

Maneno hayo sikuwahi kuyatamka. Hata mke wangu hayajui.

"Leo wanamhamisha yule Mama Mdogo," akaendelea, akifunga faili. "Wanasema ni mwenzetu. Si mwenzetu. Inaudhi mtu kusifiwa kwa kazi isiyo yake."

Akatoka. Bati halikulia. Nilipochungulia nje, mchanga mbele ya duka ulikuwa na nyayo zangu peke yake.

Nikautoa ufunguo mfukoni. Stoo ilipofunguka, mchanga ulinifika magotini. Nikafukua, nikavuta tairi moja, nikalitia begani na kukimbia nalo hadi kwa kina Kishindo. Sikufikiria kujitetea. Nilichotaka ni kumwahi yule mama kabla hawajamtoa.

Gari lilikuwa limeshafika uani. Godoro lake lilikuwa limepakiwa, na sufuria zake, na begi moja. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake Kishindo na msemaji wa ukoo, alikuwa amesimama katikati ya majirani. Nikasema pale pale, mbele ya wote. Nikasema kijicho changu, nikasema makasia, nikasema nilivyobadilisha. Nikafika mwisho.

Baba Mkubwa alilipokea tairi, akahesabu. Kumi na manne. Akaenda bandani ilikokuwa pikipiki, akainama, akahesabu. Kumi.

"Nimekuambia niliyabadilisha," nikasema.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

Alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kofi. "Fundi," akasema polepole, "hebu angalia miguu yako."

Nikaangalia. Mchanga ulikuwa ukimiminika kutoka ndani ya tairi, chrrr... chrrr... haukomi, wala haupungui. Ulikuwa umeshanifunika viatu. Tairi moja halibebi mchanga kiasi hicho. Watu wakarudi nyuma, mama mmoja akamfunika mwanawe macho.

"Mmeona wenyewe," Baba Mkubwa akawaambia. "Huyu mama amefika hadi kwa fundi wa watu. Amemtuma aje ajisingizie."

Nilipiga kelele kwamba siyo hivyo. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kumharakisha. Wakampandisha nyuma ya gari, akakaa juu ya godoro lake, mikono mapajani. Hakuwa analia. Kati ya watu wote pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ananisikiliza.

Nikaushika ubao wa gari.

"Yalikuwa kumi na manne?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Akafumba macho. Dereva akawasha gari.

"Miezi mitatu," akasema, bila kuyafumbua. "Mwanangu, miezi mitatu nalala nikiamini ni ulimi wangu uliomuua."

Gari likaondoka, ubao ukaniponyoka mkononi. Nilibaki nimesimama katikati ya ule mchanga. Baba Mkubwa akaja, akaniwekea mkono begani. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kosa si langu, nimechezewa tu, na kesho watanitafutia mtu wa kuniombea.

Nikamwambia asante.