Shahidi wa Baba

Kila asubuhi Wynona Strickler, msichana wa miaka kumi na miwili, alikunywa haraka haraka uji wa bibi yake, ambaye sasa aliishi kwake, akapanda basi la shule na kuketi mbele, mbali na Corbin, mwanafunzi mwenzake. Lakini Corbin alikuwa na sauti kubwa.

"Baba yako kichaa! Kachoma nyumba ya pampu, mji mzima tumekosa maji siku tatu!"

"Kichaa mwenyewe! Baba yangu mzima!"

Wynona alijua jibu lake si kweli. Tangu majira ya machipuko, baba yake, Dale, alikuwa akisikia sauti zikimwambia kuwa maji ya mji yametiwa sumu. Alifunga mabomba yote ya nyumbani kwa utepe. Wynona, aliyekuwa akiishi naye peke yake, hakumwambia mtu, hata bibi. Hata askari walipomkamata Dale kwa moto ule na kumuuliza Wynona, alijibu, "Baba hana tatizo."

Jioni moja wakili wao, Bi Pruitt, alifika nyumbani kwa bibi.

"Mwendesha mashtaka anataka Dale akiri kosa, afungwe miaka minane," alisema. "Dale amekataa, na ni haki yake. Kesi yake itaamuliwa na baraza la raia kumi na wawili. Lakini ili atibiwe badala ya kufungwa, lazima wasikie habari za ugonjwa wake, na aliyeishi naye ni wewe, Wynona."

"Nimwite baba kichaa mbele ya watu? Sitaki!"

"Nani kakwambia umwite hivyo?" bibi alimkatiza. "Sema ulichokiona."

"Sitaki, Bibi!"

Jumamosi walikwenda kumwona Dale mahabusu. Alikuwa amekonda. Hakuuliza habari za kesi. Aliukaribia ukuta wa kioo uliowatenganisha, akanong'ona, "Mwanangu, hunywi maji ya bombani, eti? Watakuua." Wynona akalia njia nzima. Walipofika nyumbani alisema, "Bibi, nitasema."

Mahakamani alieleza yote: sauti, utepe, usiku ambao baba hakulala. Mwendesha mashtaka akasimama.

"Uliwaambia askari baba yako hana tatizo. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile," Wynona alijibu, akimkazia macho. "Niliona aibu. Leo sioni."

Wale raia kumi na wawili walijifungia siku mbili wakijadiliana, kwani ilibidi wote wakubaliane. Waliporudi, kiongozi wao, mama mmoja msambaza barua, alisoma: "Hana hatia, kwa sababu ya ugonjwa wa akili." Hakimu akaamuru Dale apelekwe hospitali yenye ulinzi, asitoke mpaka mahakama iridhike kuwa amepata nafuu.

Nje, mzee mmoja alifoka, "Ameponyoka huyo!"

"Hajaponyoka!" Wynona alimgeukia. "Anaumwa, anakwenda kutibiwa. Na mimi nitakwenda kumwona kila Jumamosi, upende usipende!"

Mzee akainamisha kichwa, akaenda zake.

Bibi alimshika mjukuu wake mkono. "Kuugua si aibu, mjukuu wangu. Yangesemwa mapema, baba yako angetibiwa, na nyumba ile isingeungua. Ukiona mtu wako anaumwa akili, usimfiche. Sema, na usiinamishe uso."