Mitungi ya Mlango wa Nyuma

Kila Jumamosi baada ya chai, wasichana wa bweni la Iveti walipanga foleni bombani, kila mmoja na mtungi wake. Maji ya Machakos yana maringo: leo yapo, kesho hayaonekani wiki nzima. Mwaka huo wa 2008 kiangazi kilikuwa kikali, na mtungi uliojaa ulilindwa kama yai. Ndipo Kalunde, kiranja wa bweni, akaamuru mitungi yote ipangwe ndani, kwenye mlango wa nyuma, mahali ambapo mwizi asingeweza kuifikia.

Siku moja Mwalimu Mwongeli alimsimamisha. "Kalunde, leo tuko na mazoezi ya moto. Sheria mpya inataka tufanye angalau mara moja kwa mwaka. Mlango wa nyuma hauna kitu?"

"Hauna kitu, mwalimu," alijibu bila kupepesa macho.

Alijua fika kilichokuwa pale. Lakini kuhamisha mitungi ilikuwa kazi, na mazoezi yenyewe aliyaona mchezo tu. Si watatoka kwa mlango wa mbele, basi?

Kengele ikalia. Kwenye mlango wa mbele walimkuta mwalimu akipunga kitambaa chekundu kuigiza moto. "Huku kunaungua! Pitieni nyuma!"

Wakageuka mbio. Wa kwanza walijikwaa kwenye mitungi, waliofuata wakawasukuma, maji yakatapakaa sakafuni. Katikati ya vilio Kalunde alisikia sauti ya Ndinda, mdogo wake wa darasa la nne, aliyebanwa mlangoni.

"Dada! Siwezi kutoka!"

Mwalimu alipuliza filimbi, wote wakatulia. Kalunde alimvuta mdogo wake. Goti lake lilikuwa limechubuka.

"Nani aliweka mitungi hapa?" mwalimu aliuliza.

Kalunde angeweza kunyamaza, kwani mitungi ilikuwa ya wote. Lakini Ndinda alikuwa bado ameshikilia sketi yake.

"Ni mimi, mwalimu. Na nilikudanganya."

Mwalimu hakumgombeza. Aliinama akamfunga Ndinda goti kwa kile kitambaa chekundu. "Maji yakimwagika, tutachota mengine," alisema polepole. "Ndinda mwingine tungemtoa wapi?"

Kalunde aliangua kilio. Kisha akajifuta machozi, akaanza kutoa mitungi nje, na wenzake wakamsaidia. Kengele ilipolia tena, bweni zima lilipita mlango wa nyuma bila kusukumana, Kalunde akiwa wa mwisho.

"Sheria inasema mara moja kwa mwaka, sisi tutafanya kila muhula," mwalimu aliwaambia. "Lakini sheria haiwezi kuja kuchungulia nyuma ya mlango. Hiyo ni kazi yenu. Ukiulizwa kama ni salama, angalia kwanza, halafu sema ukweli, hata kama utakuongezea kazi."

Jumamosi iliyofuata mwalimu alimuuliza Kalunde tena kuhusu ule mlango.

"Ngoja niende niangalie, mwalimu," alisema, akatimua mbio.