Koki ya Kuvutia Maji

Duka la samaki wa mapambo lilifurika watu, lakini mshonaji alipenya hadi mbele, gauni lake jekundu likiwa limelowa ubavuni.

"Wewe! Hilo chujio uliloniuzia linawabamiza samaki wa mama kwenye kioo!"

"Dada, tangi lenu lina ukubwa gani?" muuza duka aliuliza.

"Ungeniuliza siku ile!"

Muuza duka alicheka, na kicheko kile kikazidi kumkera mshonaji. Hata hivyo jioni muuza duka alimfuata nyumbani. Mama mtu, aliyevunjika nyonga, alishinda kitandani akiwatazama samaki wake wenye mapezi marefu. Muuza duka alikunja mikono ya shati, akageuza bomba la kutolea maji lielekee ukuta wa nyuma wa tangi. Mkondo ukapoa.

"Mbona unanikodolea macho?" alimuuliza mshonaji.

"Nakulinda usiharibu tena."

Haukupita muda mrefu, simu zikawa za "Mpenzi umekula?" na "Nimekula, mchokozi wewe."

Kisha mchana mmoja bomba likageuka tena, samaki wakawa wanasukumwa ovyo. Mshonaji akapiga simu. Dukani wateja walikuwa wanamgombania muuza duka.

"Punguza koki," alisema, akakata.

Juu ya chujio kulikuwa na koki mbili. Mshonaji alifunga iliyokuwa karibu, akarudi kwenye cherehani yake kazini. Jioni alikuta pampu imeungua, samaki wawili wanaelea, mama analia.

"Umewaua!" alifoka kwenye simu.

"Umefunga ipi? Ya kuvutia maji? Pampu inakosa maji, inaungua! Inapunguzwa ya kutolea!"

"Hukusema ya kutolea! Ulisema koki!"

"Si jambo la kufundishwa hilo!"

"Basi usinifundishe tena." Akamfungia namba.

Wiki zilipita. Alasiri moja muuza duka alibisha hodi, shati jeupe limenyooshwa, chujio dogo mkononi. Mlango ulifunguliwa kidogo tu.

"Ondoka."

"Nimekuja kwa mama."

"Mama amelala."

"Sijalala!" sauti ilitoka ndani. "Mpishe, mje mgombane huku niwasikie vizuri."

Muuza duka aliingia, akalifunga chujio jipya, akaachia maji kidogo kidogo mpaka mapezi yakatulia. Kisha akalipuka: "Umenifungia simu kama mwizi!"

"Na wewe ulinijibu kama mteja! Nilikuwa nawahi kazini, namwacha mama peke yake, nakuita wewe, unanikatia!"

Muuza duka alitoa mikono tangini, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Kweli," alisema. "Nilikujibu kama mteja. Nisamehe."

"Usinilainishe, bado nina hasira."

"Mimi pia nina hasira. Nimekosa usingizi kwa ajili yako, mwanamke wewe! Nikuoe basi, tukasirikiane nyumba moja."

Mama alikohoa kitandani, akajifunika shuka usoni.

Mshonaji alimtupia taulo kifuani, kwa nguvu.

"Jifute kwanza," alisema, midomo ikimcheza. "Halafu uniulize tena, vizuri. Nina jibu."